Cheti cha Mama Ndani ya Plastiki

Katika familia yetu karatasi za maana huletwa kwangu, na si kwa sababu mimi ni mwaminifu. Ni kwa sababu sitoki. Nafuma sweta za shule kwa mashine ya mkono katika nyumba ya vyumba viwili hapa Gatongora, na mtu akinitaka asubuhi, mchana au jioni atanipata nimekaa palepale aliponiacha mwezi uliopita, vipande vya uzi vimenishika kwenye soksi. Mama alishawahi kuniambia mimi ni kama kabati, isipokuwa kabati halili.

Basi nimekuwa kabati. Binamu akipata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, analeta. Mjomba akiuziwa bima ya maisha na kijana aliyemkuta kwenye mlango wa benki, analeta. Bima inakufa kabla yake, na karatasi inabaki kwangu. Niko na orodha za mahari za watu walioachana. Niko na kadi za kliniki za watoto ambao siku hizi wana ndevu. Niko na programu za mazishi nyingi ajabu, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu awezaye kutupa karatasi yenye picha ya marehemu akicheka. Zote zilikaa ndani ya mfuko wa nailoni wa zamani, wa kabla ya mifuko hiyo kupigwa marufuku, hivi kwamba kama polisi wangeingia wangeziacha karatasi na kuushika mfuko.

Sikuwa na heshima kwa karatasi hizo na sijaipata hadi leo. Karatasi ni kama jamaa wa mjini. Ukiwa na raha ziko kila mahali, ukiwa na shida hazipatikani, na ukizipata zinakuuliza wewe ni nani.

Moja tu ndiyo iliyonitia hofu, nayo ni cheti cha hisa cha Mama.

Mama alichuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru tangu sisi tukiwa tumboni hadi tulipoanza kuwaficha wenzetu wa shule kwamba ni mama yetu. Wakati huo kulikuwa na kampuni za watu wengi wanaochanga, wananunua shamba kubwa la mzungu aliyeondoka, wanalikata vipande, kisha kila mwanachama anachovya mkono kwenye kofia na kutoa namba. Mama alichanga kidogo kidogo, akachovya mkono, akatoa namba yake, na kipande kikatokea Mugutha, mahali ambapo siku hizo hata fisi alikuwa anapita kwa haraka. Baba alikicheka cheti kile. Alikiita kitambaa cha kufutia mdomo. Baba alipokufa, shamba lake lilibaki kwa ndugu zake, nasi tukabaki na kitambaa cha kufutia mdomo. Mama amejenga nyumba ya mawe juu yake. Hana kwingine. Hati miliki, ile taito yenyewe, haikuwahi kutoka. Kampuni ilisema inakuja, na ilisema hivyo kwa miaka mingi hata walioanza kuambiwa wakazikwa kwenye vipande hivyo hivyo wakiingojea.

Hapo ndipo dada yangu alipoenda semina.

Dada yangu ni mkubwa kwangu na ana saiba hapa chini, duka la kompyuta na fotokopi ambapo watu huandikiwa barua za kuomba kazi na yeye huwarekebisha tabia bila malipo. Semina ilikuwa ukumbi wa kanisa, Ruiru mjini. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye hakuna aliyejua anafanya kazi wapi siku zisizo za semina, aliwaambia kina mama kwamba umaskini wetu unatokana na kutopanga karatasi. Si njaa, si mishahara, si ukame. Ni karatasi. Kila nyumba iwe na faili moja la dharura, alisema, na kila mtu ajue liko wapi. Dada yangu alirudi na macho ya mtu aliyeokoka mara ya pili.

“Nyinyi mnakaa tu,” aliniambia, akiwa bado mlangoni na kitambaa chake cha kanisa. “Emajensi ikikuja leo, utashika nini?”

“Nitashika mlango.”

“Ona huyu! Mwanamume mzima. Karatasi ya Maitu, mama yetu, iko kwa mfuko wa kubebea nyanya na yeye anafanya mzaha.”

Siku ileile akanunua faili kubwa jekundu, akaliandika DHARURA kwa kalamu nene, pande zote mbili, labda ili dharura yenyewe ikiingia isipate shida ya kulitafuta. Akaligawanya kwa karatasi ngumu za rangi: kijani ya mashamba, buluu ya watoto, manjano ya hospitali. Mimi nikateuliwa mlinzi wa faili, kwa kuwa siku ya dharura nitakuwa nyumbani bila shaka. Kisha akatufanyisha mazoezi. Mazoezi! Alipiga makofi sebuleni kwangu, akapaza sauti, “Dharura!” na mimi nikatakiwa niruke, nilishike faili, nitoke mbio hadi geti. Nilifika getini nahema. Msimamizi wa nyumba alinitazama, akatazama faili, akaniuliza kama nahama, na kama nimelipa.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini wiki hiyo dada yangu alikuwa amejinunulia mashine ya kulamineti.

Kama hujawahi kuona, ni hivi: karatasi inawekwa katikati ya plastiki mbili nyembamba, inaingizwa upande mmoja wa mashine, inapigwa joto, na inatoka upande wa pili imefungwa humo hadi siku ya kiama. Huku kwetu hiyo si huduma, ni ibada. Mtu akipata cheti, hata cha ubatizo, hata cha kozi ya wiki moja ya kusuka nywele, anakimbia kukitia plastiki kabla wino haujakauka. Hatuamini kitu mpaka king’are. Nimeona risiti ya friji imelaminetiwa. Friji ilikufa, risiti ingali na afya.

Alilibeba faili jekundu asubuhi akisema anaenda kulipanga vizuri, akalirudisha jioni likiwa nene mara mbili. Alikuwa amelamineti kila kitu. Kadi za kliniki za wenye ndevu. Mahari za walioachana. Bima iliyokufa. Cheti changu cha kidato cha nne, ambacho nilikuwa nimefaulu kukisahau, kilitoka kinameremeta, D yangu ya hisabati ikiwa imehifadhiwa kama mwili wa mfalme. Na cheti cha Mama.

Mama alikuwepo. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama jina lake chini ya plastiki, akatabasamu kama mtu aliyepigwa picha nzuri.

“Sasa hata nikimwagia chai,” alisema.

“Mwaga,” dada yangu alisema, na kweli akachukua kikombe changu, chenye chai yangu, akamwaga. Chai ikateleza ikaingia kwenye sweta niliyokuwa nafuma. Cheti hakikupata hata doa. Wawili hao wakacheka kwa furaha, nami nikaipeleka sweta ndooni.

Hazikupita wiki nyingi, taarifa ikatoka: taito za Mugutha ziko tayari. Kila mwenye hisa afike ofisi ya kampuni, Thika, kabla ya mwezi kwisha, na cheti chake halisi, akirudishe, apewe hati. Asiyefika, kipande chake kitaandikwa hakina mwenyewe na kurudi mikononi mwa wakurugenzi. Kila mtu Mugutha anajua kitu kikirudi mikononi mwa wakurugenzi kinaelekea wapi. Broka mmoja wa mashamba wa njia ile alianza kumwamkia Mama kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani, na kumuuliza afya ya magoti.

Nilitolewa nyumbani. Mama alisema hawezi kwenda Thika na dada yangu kwa sababu atawafundisha watu wa ofisi kazi yao. Basi nikavaa viatu, ambavyo vilikuwa vimegeuka nyumba ya buibui, tukaenda. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu katika jengo lenye duka la dawa za mifugo chini, na foleni ilishuka ngazi hadi kwenye dawa za kupe. Wazee na vikongwe walikuwa wamejaa, kila mmoja amekumbatia bahasha kifuani kama mtoto mchanga.

Kwenye kaunta kulikuwa na kijana mwenye kola ngumu na mandazi kwenye droo. Alikuwa akiuma kidogo, anafunga droo, anapokea mtu, anafungua droo. Mama akamwekea cheti.

“Shosho, hii ni nini?”

“Si ni cheti.”

“Hii ni menyu.” Akaishika pembeni kwa vidole viwili. “Mnauza chapati ngapi kwa siku?”

Foleni ikacheka. Nami nikacheka kidogo, nikajuta, kwa sababu Mama alinigeukia.

Kijana akaeleza, kwa sauti ya mtu anayependa kueleza. Cheti kinageuzwa, kinapigwa muhuri nyuma, wakurugenzi wawili wanatia sahihi juu ya muhuri, kinatobolewa, kinakaa kwa faili ya kampuni. Ndipo taito inatoka. Akachukua muhuri, akaugonga juu ya plastiki, akapitisha kidole gumba. Wino wote ukahamia kwenye kidole.

“Ona. Inateleza. Sasa wakurugenzi watie sahihi wapi, kwa kidole changu?”

“Tukitoa plastiki?” nilimuuliza.

“Toeni. Ikiraruka sipokei. Kilichoraruka hatujui kimeraruliwa na nani na kwa nini.”

“Jina lake liko kwa rejista yenu?”

Akafungua rejista, akateremsha kidole kile cha wino. “Liko.”

“Na namba ya kipande?”

“Iko.”

“Kitambulisho ndicho hiki, mwenyewe ndiye huyu, cheti ndicho hicho umeshika.”

“Yote ni sawa.”

“Basi shida iko wapi?”

“Shida ni kwamba hajakipoteza,” alisema. “Heri kingepotea. Kilichopotea kiko na njia yake. Unaenda polisi, unaandikiwa abstrakti ya kupotewa. Unaenda kwa wakili, unakula kiapo. Unaniletea, nakupatia fomu, mambo yanaenda. Hii ya plastiki haina fomu.” Akafungua droo. “Nekisti!”

Nimeishi miaka mingi nikiwadharau watu wa ofisi bila ushahidi, kwa uvivu tu. Siku hiyo niliupata ushahidi, na nilishuka ngazi nikiwa mtu mwenye elimu.

Dada yangu alipoambiwa hakusema pole. Alisema, “Wacha nijaribu na pasi.” Pasi ya nguo, juu ya kitambaa chenye unyevu, polepole, alikuwa ameona mtu akifanya kwenye simu. Lakini hata yeye hakuthubutu kuanza na cheti cha Mama. Akalipekua faili jekundu, akatoa changu.

“Tujaribu na hii yako.”

“Kwa nini isiwe yako?”

“Yangu naitumia.”

“Kwa kazi gani?”

“Iko ukutani, kwa duka. Wateja wanaiangalia. Yako nani ameiangalia tangu uipate?”

Akapiga pasi, akavuta plastiki kutoka pembeni, ikaitika kwa sauti kama ya mtu anayebanduliwa bendeji. Karatasi ilibaki mezani nyeupe. Maandishi yalikuwa yameondoka na plastiki, kinyumenyume. Hisabati ilitoka yote, na hiyo sikuihuzunikia, ila Kiswahili nacho kilitoka, na kilikuwa na B.

Dada yangu aliizima pasi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona amekaa bila ushauri.

Basi ikabaki ile njia ya kaunta. Polisi, wakili, kiapo. Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha. Nilishaanza kufikiria uzi wa sweta za buluu. Tukamwita Mama, tukamweleza sebuleni, dada yangu upande huu na mimi upande ule, kama wazee waliokuja posa.

“Niende kwa wakili,” Mama alisema, “niinue mkono, niseme cheti kimepotea.”

“Ndiyo, Maitu.”

“Na kiko hapa kwa mkoba.”

“Utauacha mkoba kwangu,” nilisema.

“Aa. Basi Mungu atakuwa anaangalia mimi tu, hataangalia kwako.”

“Maitu, ni kiapo kidogo.”

“Kidogo kama nini? Kwani Mungu anapimanga na futi?”

Dada yangu akajaribu ujanja wake. “Nipe mimi nikifiche, usijue kiko wapi. Kwako kitakuwa kimepotea. Hutakuwa umedanganya.”

“Hapo kitakuwa kimeibiwa. Na polisi wakiniuliza mwizi ni nani nitawaambia jina lako lote, na la duka.”

“Haki, Maitu! Na broka yuko kwa njia anangoja mwezi uishe?”

Mama alikivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja magotini. Tulipokuwa wadogo, ukimwona anakivua namna hiyo, unatafuta pa kujificha.

“Baba yenu alikuwa ananiuliza kila jioni, pesa ya kahawa iko wapi. Wanawake wengine walikuwa wanaficha kwa unga. Mimi nilikuwa namwambia, iko Mugutha. Ananipiga, namwambia iko Mugutha. Sikudanganya mtu hata siku moja juu ya hiyo shamba. Ni kitu moja tu kwa maisha yangu niko nayo hivyo. Sasa nizeeke, niinue mkono, niipate na uongo?”

Nina mdomo mrefu, waulize majirani. Niliuma uzi.

Siku zikaenda. Mwezi ukabaki mkia. Dada yangu alimpigia yule bwana wa tai wa semina, akitaka kujua faili la dharura linafanyaje likiwa lenyewe ndilo dharura. Simu ilisema mteja hapatikani. Jumamosi moja tukaenda Mugutha sote wawili, tukiwa tumekubaliana tutamsihi Mama tena, na akikataa dada yangu atalia. Machozi yake tuliyapanga kabisa, baada ya chakula.

Tulikuta ameshapika mukimo. Tulikula. Alikuwa mtulivu, alituuliza mambo ya kawaida, akanicheka tumbo. Kisha akainuka, akajifunga leso, akaelekea nyuma ya nyumba kunako choo cha shimo, kando ya migomba. Hakuna aliyemtilia maanani. Mtu akienda chooni haulizwi. Dada yangu alikuwa anajiandaa kwa machozi yake.

Mama alirudi akanawa mikono. Akanawa tena. Akakaa.

“Kimeenda,” alisema.

“Nini kimeenda?”

“Cheti.”

“Kimeenda wapi?”

Akanyoosha kidevu kuelekea migombani.

Sijui kama nimewahi kukimbia vile; mazoezi ya faili jekundu yalinisaidia kwa namna ambayo mwalimu hakukusudia. Dada yangu alinipita mlangoni. Tukawasha tochi ya simu, tukainama juu ya tundu, vichwa vikagongana. Mle chini, juu ya mambo ambayo sitayaeleza, cheti kilikuwa kimelala chali. Safi. Kinang’aa. Jina la Mama lilikuwa linatutazama, na kila herufi ilisomeka. Lazima niseme ukweli kuhusu kazi ya dada yangu: plastiki ile ilifungwa vizuri.

“Maitu!” dada yangu alipiga kelele, kichwa kikiwa bado tunduni, hivyo ilisikika kama sauti kutoka kuzimu. “Umefanya nini?”

“Nimekipoteza,” Mama alisema nyuma yetu.

“Umekitupa!”

“Nimekitupa, kimepotea. Kwani kitu ukitupa kinaenda wapi?”

“Lakini kinaonekana!”

“Kinaonekana?”

“Hata kusomeka kinasomeka!”

Akatusukuma, akachungulia mwenyewe. Alikaa ameinama pale, mkono ukutani, kwa muda uliotosha mimi kuelewa mahali tulipofika. Cheti hatuna tena mkononi. Na bado hakijapotea. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyekimbia mvua akaingia mtoni.

“Ngai,” alisema polepole. “Kumbe hizi plastiki hazizami.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani ya migomba, na dada yangu akalia machozi ambayo hayakuwa kwenye mpango, na Mama akasimama katikati yetu akitutukana kwa Kikuyu, mmoja baada ya mwingine, kwa haki.

Jumatatu tukaenda kituo cha polisi. Mama alisema ataeleza mwenyewe, na atakayefungua mdomo atarudi nyumbani kwa miguu. Askari wa kaunta alikuwa mtu mnene mwenye mafua na kitabu kikubwa mbele yake.

“Shosho, umepoteza nini?”

“Cheti cha hisa cha shamba.”

“Kilipotelea wapi?”

“Kwa choo.”

Akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Chooni hupotea vitu vingi. Nadhani nusu ya simu za Ruiru ziko huko. “Kilianguka,” alisema akiandika.

“Hapana. Nilikiachilia.”

Kalamu ikasimama.

“Kiliteleza,” dada yangu alidakia.

“Hakikuteleza! Wewe nilikuambia nini?” Mama akamrudia askari. “Nilikiachilia, kikaenda.”

“Ulikiachilia kwa nini, Shosho?”

“Kwa sababu ukiwa nacho hakina kazi. Ukikosa ndio unasaidiwa. Si mimi nimesema, ni kijana wa Thika.”

Askari alinitazama. Nilikuwa nasoma tangazo ukutani kuhusu mbwa wenye kichaa, kwa makini sana.

“Na saa hii kiko wapi?”

“Kiko hapo tu. Ukimulika unakiona.”

“Basi hakijapotea!”

“Ndio nakuambia. Sitaki uandike kimepotea. Nitaapa na hiyo karatasi yako, na sitaki kuapa uongo.”

Nyuma yetu mtu mmoja alianza kucheka akajifanya anakohoa. Askari aliweka kalamu chini, akapenga kamasi, akafikiri. Nitamsifu kwa hilo. Katika safari yote hiyo ndiye mtu pekee mwenye kaunta niliyemwona akifikiri.

“Shosho, unaweza kukitoa?”

“Wewe unaweza kukitoa?”

Akafikiri tena, na nilimwona usoni akikiona choo. “Siwezi.”

“Na huyu wangu usimuulize, hata kutoka kwake ni shida.”

“Basi tutaandika hakipatikani.” Akaandika polepole, kisha Mama akamwambia amsomee, akamsomea: cheti kimeingia katika choo cha shimo nyumbani kwa mwenyewe na hakiwezi kupatikana.

“Rudia hapo mwisho.”

“Na hakiwezi kupatikana.”

“Hiyo ni kweli,” Mama alisema. “Lete kalamu.”

Kwa wakili hakukuwa na vita, ila wakili alikuwa ameongeza maneno “kwa bahati mbaya” kwa mazoea ya kazi. Mama akayakataa. Akasema bahati haikuwepo. Yakafutwa, ukurasa ukachapwa upya, na Mama akainua mkono wake wa kulia akaapa kwa sauti iliyofika hadi kwa watu waliokuwa wanangoja talaka nje.

Tulipofika Thika mwezi ulikuwa unafunga mlango. Kijana wa mandazi aliisoma ile hati ya kiapo, akaisoma tena, akamtazama Mama.

“Shosho, hii si ile menyu?”

“Ndiyo ile.”

Alifungua droo. Nilidhani anatafuta mandazi, kumbe anatafuta fomu. Akaijaza, akagonga muhuri, na safari hii wino ulikaa. “Sasa iko sawa,” alisema, bila aibu hata kidogo, kama mtu ambaye dunia yake imerudi mahali pake.

Kungoja kulikuwa kurefu. Muda huo wote Mama hakukitumia choo chake. Alikuwa anaenda kwa jirani, kwenye mvua, na leso kichwani. Tulipomuuliza alisema hawezi kukalia jina lake. Broka aliacha kuuliza habari za magoti.

Taito ilipotoka tulikuwa sote watatu pale ofisini. Dada yangu alinyoosha mikono yote miwili kuipokea, nadhani mikono ilijinyoosha yenyewe tu, kwa mazoea. Mama aliipokea yeye, akaitazama mpaka aliporidhika, kisha akaikunja mara mbili, mkunjo ukapita katikati ya muhuri wa serikali, akaitia kifuani ndani ya blauzi. Dada yangu alifumba macho kama aliyechomwa sindano. Faili jekundu bado liko kwangu, na limejaa vitu vya watu vinavyong’aa. Hiyo haimo.

Jumamosi iliyofuata Mama alituita Mugutha na majembe. Alitaka choo kipya, na cha zamani kifukiwe na kupandwa ndizi juu. Nilimuuliza tuchimbe wapi. Nilimwonyesha kona ya nyuma, karibu na ua, nikaona huko hatutamsumbua mtu; mimi nimezoea kuishi pembeni.

“Kwani unaogopa nani?” alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, mkono mmoja juu ya blauzi. “Chimba popote, baba. Hapo, hapo, hata hapa nimekaa. Sema tu, nitahama kiti.”